Mkanda wa Vichekesho vya Nyumbani: Kinachotunzwa na Mkusanyaji na Kinachopotea kwa Mtaalamu wa Lugha

Utangulizi

Katika Buhongwa, kata iliyo upande wa kusini wa Jiji la Mwanza kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga, biashara ya sinema imebadili sura mara kadhaa katika muda usiozidi miaka thelathini. Kulikuwa na mabanda ya video, ambamo mtu alilipa kiingilio kidogo akakaa juu ya benchi. Zikafuata laibrari, yaani maduka ya kukodisha mikanda ya VHS kwa wenye deki majumbani. Baadaye zikaja santuri za VCD na DVD, na hatimaye vibanda vya kujaza nyimbo na filamu katika flashi na simu za mkononi. Kila mabadiliko yalipotokea, shehena ya zamani ilisukumwa pembeni: mikanda ikatiwa katika maboksi, maboksi yakapelekwa stoo, na stoo ilipohitajika kwa shughuli nyingine, maboksi yakatupwa. Hali hii si ya Buhongwa peke yake. Ndivyo ilivyokuwa katika miji mingi ya Tanzania.

Miongoni mwa vitu vilivyotupwa namna hiyo, kundi moja limeanza kutafutwa upya na wakusanyaji. Nalo ni mikanda ya vichekesho vya nyumbani: michezo mifupi kwa mirefu inayomhusu mume bahili, mke mwenye kauli, mama mkwe asiyeondoka, mtumishi wa ndani mjanja, na mgeni kutoka shamba asiyejua desturi za mjini. Ilipotoka, mikanda hii haikuhakikiwa na jarida lolote la fasihi wala kutiwa katika mtaala wowote. Leo watu huulizana ni nani anao mkanda fulani, na mwenye nao hauachii kwa urahisi.

Makala hii inatetea rai moja. Mkusanyaji anastahili shukrani kwa sababu ameokoa kitu ambacho taasisi za elimu zilikidharau. Hata hivyo, anachokitunza ni kitu chenyewe, ilhali kilicho cha thamani zaidi kwa taaluma ya Kiswahili ni mazungumzo yaliyomo ndani yake. Idara za Kiswahili zisipoingia katika kazi hii sasa, kitu kitabaki kabatini kikiwa bubu, na ushahidi adimu wa namna Waswahili walivyozungumza majumbani mwao utakuwa umekwenda.

Muhogo Mchungu na Watangulizi Wake

Yafaa ikumbukwe kwamba uhusiano wa sinema na maisha ya nyumbani katika nchi hii haukuanza na video. Baina ya 1935 na 1937, mradi wa majaribio ya sinema za elimu kwa Waafrika uliendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa sinema fupi 35. Sauti zilirekodiwa katika santuri zilizochezwa sambamba na picha, katika lugha kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati, Kiswahili na Kisukuma zikiwamo. Mojawapo ilihusu mtu aliyeficha fedha zake nyumbani zikaibwa, ilhali mwenziwe aliyeweka katika benki ya posta alisalimika. Sinema zilizosalia kati ya hizo ni chache mno. Watu wa Ziwa watambue kwamba Kisukuma kilisikika katika sinema zaidi ya nusu karne kabla ya Tanzania Bara kupata televisheni.

Serikali ya Uingereza nayo iliunda kitengo cha sinema za makoloni mwaka 1939. Mwaka 1940 kitengo hicho kilitoa sinema iitwayo Mr. English at Home, iliyoonyesha siku moja ya familia ya Kiingereza nyumbani kwake. Mwafrika alikusudiwa kutazama jinsi Mwingereza anavyokula, anavyolala na anavyowalea wanawe, kisha aige. Hapakuwa na mzaha ndani yake. Nyumba iliyoonyeshwa ilikuwa ya mtu mwingine, na mtazamaji hakualikwa kucheka.

Mwelekeo ulibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati Serikali ya Tanganyika ilipoikodi kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg itengeneze sinema za hadithi kwa Kiswahili. Ndipo zilipopatikana Muhogo Mchungu (1952), Chalo Amerudi, Mgeni Mwema na Meli Inakwenda. Majina hayo yenyewe yanatosha kuonyesha kwamba mada zilikuwa za watu wa kawaida: mgeni afikaye, mtu arejeaye kwao, safari na kuagana. Katika Muhogo Mchungu mwigizaji mkuu alikuwa kijana aliyefanya kazi katika idara ya serikali iliyoshughulikia ustawi na maendeleo ya jamii, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Kijana huyo baadaye aliongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akawa Waziri Mkuu mwaka 1962 na tena kuanzia 1972 hadi 1977, na alifariki dunia tarehe 31 Desemba 2009.

Hapana shaka kwamba sehemu kubwa ya hamu ya wakusanyaji kwa Muhogo Mchungu inatokana na jina hilo. Anayeitafuta sinema hiyo hutaka kumwona kiongozi mashuhuri akiwa kijana, akichekesha watu. Hamu hiyo haina ubaya wowote. Lakini inaficha jambo jingine lenye uzito: sinema hiyo ni miongoni mwa kazi za kwanza za hadithi ambamo Waafrika wa Tanganyika waliongea Kiswahili wao kwa wao mbele ya kamera, kwa sauti zao, juu ya mambo yao. Msomi wa lugha angeitafuta hata kama mwigizaji wake angekuwa mtu asiyejulikana.

Kutoka Jukwaani hadi Katika Mkanda

Baada ya Uhuru, kampuni ya umma ya filamu ilianzishwa mwaka 1968, nayo ilitoa kazi chache zilizobeba ujumbe wa siasa na maendeleo. Vichekesho vya nyumbani vilikwenda njia nyingine. Viliishi redioni, katika michezo kama Pwagu na Pwaguzi ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Viliishi pia katika kumbi, ambako vikundi kama Muungano na baadaye TOT vilichanganya ngoma, taarabu, maigizo na vichekesho katika onyesho moja la usiku. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, bali Tanzania Bara haikupata matangazo ya televisheni hadi 1994. Kwa hiyo, kamera ya video iliposhuka bei, kulikuwako tayari hazina kubwa ya wachekeshaji waliozoea kubuni mazungumzo papo kwa papo mbele ya hadhira, na hapakuwa na chombo cha umma cha kuwapokea wote. Mkanda wa video ukawapokea.

Miongoni mwa waliopata umaarufu kwa njia hiyo ni Said Ngamba, aliyejulikana kama Mzee Small, aliyefariki mwaka 2014, na Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana kama King Majuto, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018. Kazi za Majuto zilifika kila pembe ya nchi. Katika kaya ya Buhongwa, ambamo bibi aliamkia "Mwangaluka" na wajukuu wakaitikia kwa "Shikamoo", sauti ya mzee wa Tanga akigombana na mkewe juu ya fedha ya sokoni ilikuwa sehemu ya Jumapili. Watoto wengi wa Usukuma walisikia namna mtu wa pwani anavyolalamika, anavyokejeli na anavyoomba radhi kwa njia ya mikanda hiyo kabla hawajakanyaga pwani. Shule iliwapa Kiswahili cha insha, na mkanda ukawapa Kiswahili cha jikoni na barazani.

Kinachomvutia Mkusanyaji

Je, kwa nini mtu mzima mwenye shughuli zake ahangaike kutafuta mkanda uliokwaruzika, wenye picha inayotetemeka, wa mchezo ambao hata alioutoa hakuuthamini?

Sababu ya kwanza ni uadimu. Mikanda hii ilitolewa kwa idadi isiyoandikwa popote, ikanakiliwa bila idhini, na kufutwa kwa kurekodiwa kitu kingine juu yake. Iliyosalia na jalada lake la karatasi ni michache. Sababu ya pili ni nyota, kama ilivyoelezwa kuhusu Kawawa na Majuto. Sababu ya tatu haizungumzwi sana, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi: mkanda wa vichekesho vya nyumbani unaonyesha nyumba. Mpiga picha rasmi wa zama hizo alikwenda katika mikutano, gwaride na ufunguzi wa viwanda. Hakuna aliyemtuma apige picha ya jiko la mkaa, mkeka uliokunjwa pembeni, redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, au kanga iliyotundikwa mlangoni. Mchekeshaji aliigiza sebuleni mwa jirani kwa sababu hakuwa na fedha za kujenga jukwaa, na kwa ufukara huo akahifadhi kile ambacho wenye fedha hawakukiona.

Mkusanyaji makini hujua kuvisoma vitu hivyo. Hukadiria mwaka kwa noti zinazohesabiwa mezani na kwa aina ya simu iliyomo sebuleni. Husimamisha picha ili asome jina la kanga aliyovaa mke, maana jina hilo mara nyingine ni jibu ambalo mhusika hakulitamka. Mtaalamu wa fasihi simulizi angefanya vivyo hivyo. Waliotawanyika ughaibuni, kuanzia Muskati hadi London, wana sababu ya ziada: kwao mkanda ni sauti ya kwao inayoweza kurudiwa.

Historia ya sinema duniani inatoa ushahidi kwamba hamu ya namna hii si upuuzi. Uchunguzi uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya sinema ndefu za kimya za nchi hiyo zimepotea kabisa. Sehemu za sinema ya Kijerumani Metropolis, ya 1927, zilizodhaniwa kupotea, zilipatikana Buenos Aires mwaka 2008 katika nakala iliyopitia mikononi mwa mkusanyaji binafsi. Shirika la Utangazaji la Uingereza lilifuta vipindi vyake vingi vya miaka ya 1960, vichekesho vya nyumbani vikiwamo, ili mikanda itumike tena. Na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba baadhi ya vipindi vya Doctor Who vilivyokosekana vimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Taasisi kubwa ilifuta, na kabati la mtu mwingine likahifadhi. Kama ndivyo ilivyokuwa kwa wenye bajeti, itakuwaje kwa mchezo uliorekodiwa uani?

Kilichomo Ndani ya Kicheko

Ama kuhusu lugha, hoja ya makala hii ni kwamba mikanda hii inahifadhi aina ya Kiswahili isiyopatikana kwa urahisi kwingineko. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na kufuatiwa na matoleo ya 2004 na 2013, ni kazi kubwa ya kujivunia. Mkusanyo wa matini wa Kiswahili ulioandaliwa Helsinki nao umewafaa watafiti wengi. Lakini msingi wa kazi za aina hizo, kwa kiasi kikubwa, ni maandishi: vitabu na magazeti. Mtu anapoandika hujisahihisha, lakini anapogombana na mwenzi wake juu ya chumvi hana nafasi hiyo.

Chukua mfano ufuatao wa kubuni, uliotungwa kwa mtindo wa michezo hiyo. Mke anasema: "Baba Neema, chumvi imekwisha." Mume anajibu: "Imekwisha? Kwani juzi si ilikuwepo?" Mke anamaliza: "Juzi si leo." Katika mistari hii mitatu kuna mambo matatu ya kisarufi yanayostahili kuchunguzwa. Kwanza, neno "kwani" katika maandishi sanifu aghalabu ni kiunganishi cha kutaja sababu, lakini hapa linafungua swali lenye ubishi. Pili, neno "si" limetumika mara mbili kwa kazi mbili tofauti: katika kauli ya mume linamtaka msikilizaji akiri jambo ambalo wote wawili wanalijua, na katika kauli ya mke ni kikanushi cha kawaida. Kicheko kinatokana na mke kulinyakua neno la mume na kulirudisha likiwa na kazi nyingine. Tatu, jina "Baba Neema" linadumisha heshima hata wakati wa ugomvi. Likibadilishwa kuwa "wewe mwanamume", mtazamaji anajua kwamba mambo yameharibika.

Mwanafunzi akitaka kueleza matumizi ya "kwani", "si", "mbona", "ati" na "jamani" kwa kutegemea riwaya na magazeti pekee atapata nusu ya ukweli. Nusu nyingine imo katika kiimbo, katika kimya kinachotangulia jibu, na katika namna watu wanavyokatana kauli. Hayo yote yamo katika mkanda, wala hayapo katika kitabu.

Isitoshe, lugha ya nyumbani hubadilika upesi. Salamu za vijana, majina ya fedha, maneno ya kumtaja mpenzi, na namna ya kumwita mkwe havikuwa mwaka 1995 kama vilivyo leo. Baada ya miaka ishirini mhadhiri atakayetaka kufundisha jinsi familia za Kitanzania zilivyozungumza mwishoni mwa karne ya 20 atauliza ushahidi uko wapi. Jibu la kwamba ulikuwamo katika maboksi yaliyotupwa litakuwa la aibu.

Lafudhi na Anayechekwa

Lipo jambo ambalo msomi wa Mwanza hawezi kulipita kimya. Vichekesho vingi vya nyumbani vinahitaji mshamba, na mshamba huyo mara nyingi hutambulishwa kwa lafudhi. Kisukuma hakitenganishi sauti za l na r kama fonimu mbili. Kwa sababu hiyo msemaji wake anaweza kusema kwamba amekwenda "kupiga kula". Kisukuma pia ni lugha ya toni, na toni hizo huacha alama katika Kiswahili cha wasemaji wake. Kwa mwigizaji, sifa hizi ni mtaji wa haraka: anabadilisha sauti moja na ukumbi unaangua kicheko.

Watazamaji wa Buhongwa nao walicheka. Je, walicheka kwa sababu gani? Wako watakaosema kwamba ni utani, na utani una mizizi mirefu. Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu zama za misafara pasipo yeyote kudhalilika. Wako watakaosema kwamba mtoto aliyemsikia mchekeshaji akiiga sauti ya baba yake alijifunza kuionea haya sauti hiyo. Rai zote mbili zina nguvu, na hakuna iwezayo kuthibitishwa bila kuisikiliza mikanda yenyewe: nani anayeiga lafudhi, nani anayecheka ndani ya mchezo, na nani anayeshinda mwishoni. Mshamba anayewazidi ujanja watu wa mjini si sawa na mshamba anayefukuzwa.

Mfano wa Kenya unafaa kulinganishwa. Katika mchezo wa televisheni wa Vitimbi, Mzee Ojwang' alizungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo, ilhali mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, hakuwa Mjaluo bali Mkikuyu. Pamoja na Mama Kayai alijenga picha ya ndoa iliyojulikana nchi nzima. Lafudhi ilikuwa vazi la kazi, naye aliivaa kwa ustadi hata wenyewe wakamkubali. Watu wa pande zote za Ziwa, kutoka Kisumu hadi Mwanza, wana haki ya kuuliza ni masharti gani yanayofanya lafudhi ya kuazima ipendwe mahali pamoja na kuumiza mahali pengine. Hilo ni swali la isimujamii, na data yake imo katika vichekesho.

Pingamizi na Majibu Yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba kazi hizi ni duni. Hazina muundo, zimejaa kelele, na nyingine humdhalilisha mwanamke. Ni kweli kwamba nyingi zina dosari hizo. Lakini mtaalamu wa isimu hachagui data kwa kuangalia uzuri wake. Mzaha unaomfanya mke aliyepigwa kuwa kichekesho ni ushahidi wa kile ambacho jamii ilikiruhusu kuchekwa mwaka huo, na anayepigania haki za wanawake anahitaji ushahidi huo usisafishwe.

Pingamizi la pili ni kwamba mazungumzo ya mchezo si mazungumzo halisi. Hoja hii ni nzito zaidi. Mwigizaji huongeza chumvi, na kila mmoja hungoja zamu yake ili kamera imnase. Hata hivyo, wachekeshaji wengi wa mikanda hii hawakukariri maandishi. Walipewa kisa, wakabuni maneno. Tena, uigizaji ambao hadhira imeutambua na kuucheka ni lazima uwe umegusa kanuni ambazo hadhira inazijua. Mikanda itumike sambamba na rekodi za mazungumzo ya kawaida pale zinapopatikana. Ambako rekodi hizo hazikufanywa, mchezo wa nyumbani ndio ushahidi wa karibu zaidi uliopo.

Pingamizi la tatu linahusu haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda watunzi na waigizaji, na wengi wao walilipwa ujira mdogo wa mara moja. Mwaka 2018, King Majuto alipokuwa mgonjwa, suala la mikataba yake lilifika hadi ngazi ya wizara. Ingekuwa dhuluma juu ya dhuluma iwapo vyuo vikuu vitajichukulia kazi hizo bila kuwajali wenyewe au warithi wao. Jibu ni kuwatafuta, kuomba idhini kwa maandishi, na kuandika majina ya waigizaji wote katika kumbukumbu, hata yule aliyebeba sinia tu. Kwa wengi wao, hiyo itakuwa mara ya kwanza majina yao kuandikwa ipasavyo.

Wajibu wa Idara

Muda haupo. Utepe wa sumaku huchakaa hata usipochezwa, na katika joto na unyevu wa ukanda wa Ziwa huota ukungu upesi. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kuzitengeneza mwaka 2016. Wahifadhi wa Australia walionya mwaka 2015 kwamba kanda zisizohamishiwa katika mfumo wa kidijitali kufikia 2025 zingekuwa hatarini kupotea moja kwa moja. Mwaka huo sasa umefika. Deki chache zinazofanya kazi zimo mikononi mwa mafundi ambao hawatadumu milele.

Makala hii inapendekeza mambo manne. Mosi, kila idara ya Kiswahili ichukue jukumu la eneo lake. Vyuo vya Mwanza vianzie na Nyegezi, Buhongwa, Igoma na Usagara, badala ya kungoja Dar es Salaam. Pili, kila mwanafunzi wa uzamili apewe mkanda mmoja aunukuu kwa ukamilifu, pamoja na vicheko, kukatana kauli na kimya, na nukuu hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya kazi yake. Tatu, utaratibu wa kuwasilisha nakala za vitabu katika maktaba za taifa na za chuo kikuu, uliokuwapo tangu miaka ya 1960, upanuliwe na utekelezwe kwa kazi za sauti na picha. Nne, mkusanyaji aheshimiwe. Asifikiwe kama mtu wa kunyang'anywa mali, bali kama mshiriki wa utafiti. Anukuliwe kwa jina akiridhia, na arudishiwe mkanda wake ukiwa umesafishwa, pamoja na nakala ya kidijitali.

Gharama ya kuanza si kubwa: deki iliyokarabatiwa, kompyuta, na mwanafunzi mwenye subira. Kinachokosekana ni idara kukubali kwamba maneno ya mke na mume juu ya chumvi yanastahili kukaa maktabani pamoja na diwani na tenzi.

Hitimisho

Wakazi wa Usukuma hawahitaji kuelezwa kwamba muhogo mchungu hauliwi hivi hivi. Humenywa, hulowekwa au huvundikwa, huanikwa, na ndipo ukapatikana udaga wa kusaga unga. Anayeung'oa na kuuweka stoo hajalisha mtu. Mkusanyaji ameung'oa muhogo, nayo ni kazi ngumu aliyoifanya bila mshahara wakati wasomi wakitazama kwingine. Kuunukuu mkanda, kuufafanua, kuutaja mwaka wake na wenyewe, na kuupeleka darasani ni kazi iliyobaki, na kazi hiyo ni ya idara za Kiswahili. Mikanda iliyomo katika maboksi ya Buhongwa bado inasikika kwa taabu. Inafaa isikilizwe kabla boksi lililosalia halijapelekwa jalalani.